Mkasi wa Kahawa: Nakwenda Mno

Sehemu ya tisa

Wiki nzima tumemwacha Mwamvita amesimama mlangoni na upawa mkononi. Tumpishe aingie.

Mnakumbuka alivyosema pale kizingitini: "Nilikuwa nyuma ya ghala. Nilisikia kila neno." Na mnakumbuka jinsi tabasamu la Mwalimu Damian lilivyomtoka usoni.

Kwa aliyetukuta njiani leo, mambo ni haya. Mwaka ni sabini na nne. Tuko Chuo cha Kilimo Rwamishaka, Muleba, katika Mkoa wa Ziwa Magharibi. Kokwijuka, binti wa miaka ishirini kutoka Rubya, ameandika barua ya kumshtaki mwalimu wake wa vitendo, Damian Kagaruki. Amesema mwalimu huyo alimwita ndani ya ghala la kahawa, akafunga mlango, akamwambia kuwa alama za kupogolea hazipatikani shambani. Zinapatikana Jumamosi, nyumbani kwake Ijuganyondo.

Kokwijuka alikataa. Alama zilipobandikwa ukutani, akakuta mbele ya jina lake pana sifuri.

Kamati ya nidhamu imeigeuza barua ile. Sasa anayeshtakiwa ni yeye mwenyewe, kwa kosa la kumsingizia mwalimu. Asipopata shahidi atafukuzwa leo hii, na cheti cha bwana shamba alichokisomea miaka miwili kitabaki ndoto.

Shahidi ni mmoja tu. Ni huyo mwenye upawa.

Mkuu wa Chuo alimwonyesha kiti. Mwamvita akasema hatakaa, maharage yako motoni. Akaomba pia kusema Kiswahili, maana Kihaya chake kinaishia sokoni: kuulizia ebitoke, yaani ndizi, na nyama, na chumvi, basi. Ni mtu wa Pangani. Alikuja huku kumfuata mumewe aliyekuwa baharia wa meli ya ziwani. Mume alipofariki, yeye akabaki kuwapikia watoto wa watu.

"Kiswahili ndicho lugha ya kikao hiki," Mkuu alimjibu kwa upole. "Sema."

Mezani walikuwa watano. Mkuu katikati, ndiye mwenyekiti. Walimu wawili ambao tangu asubuhi hawakufungua mdomo. Byarugaba, karani, na daftari lake. Na kiti cha tano, wasomaji wangu, alikikalia Mwalimu Damian mwenyewe.

Msidhani nimekosea. Kokwijuka aliuliza asubuhi ileile, inakuwaje mtu anayelalamikiwa akae na wanaoamua. Akajibiwa kwamba Damian ni mlezi wa wanafunzi, na mlezi ni mjumbe wa kamati. Kiti ni cha cheo, si cha mtu. Basi cheo kikakaa, na mtu akakaa juu yake.

Mwamvita alieleza vizuri. Siku ile alikwenda nyuma ya ghala kuokota kuni, yale matawi makavu ya mibuni ambayo vijana hukata na kutupa. Ukuta wa ghala ni mbao, na mbao zina nyufa. Akamsikia mwalimu akimwita Kokwijuka. Akamsikia binti akiingia.

"Walisema kwa lugha gani?" Mkuu aliuliza.

"Kihaya. Lakini mwalimu alitia na Kiswahili kidogo. Hicho ndicho nilichokisikia sawasawa."

"Alisema nini?"

"Alisema nakwenda."

Mkuu aliinua macho.

"Nakwenda?"

"Nakwenda, Ndugu Mkuu. Kwa masikio yangu haya mawili."

Damian aliegemea kiti chake. Lile tabasamu likarudi, tena likiwa limenona.

"Ndugu Mwenyekiti, mama huyu ni mkweli," alisema. "Nilikuwa na kikao na watu wa ushirika. Nilimwambia binti nakwenda, nikaaga, nikaenda zangu. Namshukuru."

Byarugaba akaandika: Mwalimu aliaga.

Hivyo ndivyo mambo yalivyogeuka. Shahidi ambaye Kokwijuka alimwombea rozari siku tatu, ndiye aliyemsafisha Damian kwa neno moja. Na Mwamvita, maskini, alimtazama binti akaona uso umembadilika, asijue amefanya kosa gani.

Kokwijuka alipiga hatua mbele bila kuruhusiwa.

"Si Kiswahili," alisema. "Alisema Kihaya. Hakusema nakwenda. Alisema ninkwenda."

Mkuu wa Chuo ni Mgogo wa Kongwa. Alikuwa na miezi mitatu tu tangu ahamie Muleba. Alimtazama binti kwa subira.

"Nakwenda, ninakwenda," alisema. "Tofauti iko wapi? Yote ni mtu anayeondoka."

"Si ninakwenda. Ninkwenda."

"Ndiyo. Anaondoka."

Kokwijuka akarudia mara ya tatu, na kila aliporudia, neno lilizidi kufanana na lile asilolitaka. Mwalimu mmoja wa wale wawili alipiga miayo.

"Basi tueleze maana yake," Mkuu alisema.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Binti aliyelelewa Rubya, aliyefundishwa kupiga magoti akiwasalimu wakubwa, hatamki maana ya neno lile mbele ya wanaume watano. Kokwijuka aliinamisha kichwa. Akaificha mikono nyuma.

"Maana yake," alisema, "anataka."

"Anataka kwenda?"

Nje ya dirisha mtu alicheka, akajizuia.

"Ananitaka mimi," alisema Kokwijuka, na machozi yakamjaa. Hayakuwa machozi ya aibu. Yalikuwa machozi ya mtu anayesukuma mlango ambao wenzake wote wanauona uko wazi.

Mkuu akamgeukia karani. Byarugaba ni Mhaya wa hapahapa Muleba, yeye atatue.

Byarugaba alimtazama Damian. Kisha akaitazama kalamu yake. Akasema, taratibu, kwamba neno lile lina maana nyingi.

Msimchukie haraka. Huyu ndiye aliyekuwa akizifunga barua za wanafunzi ndani ya mfuko wa nailoni siku za mvua ili zisilowe, kazi ambayo hakutumwa na mtu. Lakini ana watoto saba, na nyumba anayolala ni ya chuo. Woga nao una familia.

Damian, mtu mwepesi, alilidaka jibu lile kama mpira.

"Kweli kabisa," alisema. "Maana mojawapo ni kuhitaji. Nilimwambia namhitaji. Bustani ya mchicha ilikuwa imejaa magugu."

Kokwijuka alifuta macho kwa kiganja.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba karani asome mstari wake wa mwisho."

Byarugaba akasoma: Mwalimu aliaga.

"Sasa amesema alinihitaji," alisema Kokwijuka. "Naomba nijue. Alikuwa anaaga, au alikuwa ananihitaji?"

Safari hii dirishani hakucheka mmoja. Walicheka wengi.

Inafaa niwaeleze. Saa saba ilikuwa imepita. Vijana sitini wa chuo walikuwa wamejipanga barazani na sahani zao, wakimngoja mpishi, na mpishi alikuwa ndani anatoa ushahidi. Njaa iliwaleta pale. Dirisha lililo wazi likawabakiza.

Mkuu aliwaamuru wanyamaze. Kisha akamuuliza Damian kuhusu huo mchicha, kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa pili apalilie mchicha badala ya kuwa na wenzake kwenye kahawa.

Kokwijuka ndiye aliyejibu kwanza. Alisema yeye na mwenzake Benigna wamepalilia mchicha miaka miwili. Walianza wasichana wanne. Wawili walirudi makwao mwaka jana, na hakuna aliyewauliza sababu. Kila Jumatatu mikasi ya kupogolea inapogawiwa, vijana hupewa, wasichana hupewa majembe ya mkono na kapu la mboga. Kila Jumatatu yeye huomba mkasi. Ameomba mpaka wenzake wamemwita Bibi Mkasi.

Damian hakukana. Alieleza kwa sauti ya mtu anayemhurumia mtoto. Kahawa ni mti wa kiume, alisema. Tangu enzi za mababu mwanamke hakati tawi la kahawa ya mumewe. Akipewa cheti akaenda kijijini, mzee gani atamkubali aguse mibuni yake? Watamcheka. "Hata jina la kazi lenyewe ni bwana shamba," alimalizia. "Mimi namkinga na fedheha."

"Kupogolea unajua?" Mkuu alimuuliza Kokwijuka.

"Najua."

"Umejulia wapi bila mkasi?"

"Jikoni."

Sasa hata wale walimu wawili waliinua vichwa.

Akawaeleza. Matawi makavu yakiletwa kuwa kuni, Mwamvita humwekea pembeni lile lenye umbo zima, lenye vijitawi vyake vyote. Humpa na kisu cha kukatia nyama. Binti hukaa chini karibu na meko na kulisoma lile tawi. Kwanza huondoa vilivyovunjika na vyenye ugonjwa. Kisha vinavyoelekea ndani na kuziba mwanga. Kisha vilivyozaa mara mbili vikachoka. Hubakiza vichanga vyenye nguvu, vyenye nafasi kati yao. Akimaliza, tawi lile huingia motoni, maharage yakaiva.

"Ameyapogoa mengi kuliko darasa zima," Mwamvita aliongeza. "Tena hajawahi kunirudishia kisu kichafu."

Mkuu alikaribia kutabasamu. Lakini alitazama karatasi zake, na kwenye karatasi zake jiko halikuwamo. Akasema kamati haipimi kuni. Kamati imekutana kwa neno moja, na neno lile shahidi amelisema, na mashahidi wengine hakuna. Akafungua jalada kusoma uamuzi.

"Kwa kuwa mwanafunzi Anatolia Kokwijuka ameshindwa kuthibitisha..."

"Samahani, Ndugu Mkuu."

Alikuwa Mwamvita. Aliweka upawa mezani, juu ya karatasi, labda bila kufikiri.

"Mimi sijasoma," alisema. "Lakini naona huyu mwanangu analia kwa sababu ya nilichosema, na nilichosema ni kweli. Basi niruhusuni nimalizie, maana hamkuniacha nimalize. Siku ile kuna jambo lilinisumbua."

"Jambo gani?"

"Alisema nakwenda mara tatu. Na hakwenda."

Damian aliacha kuegemea.

"Mlango aliufunga kwanza," Mwamvita aliendelea. "Nilisikia komeo. Ndipo akasema nakwenda. Kwetu Pangani mtu anayekwenda hufungua mlango, hafungi. Nikasema labda desturi za huku. Mara ya pili akasema tena nakwenda, na miguu yake haikusogea kuelekea nje, ilisogea kuelekea kwa mtoto. Mara ya tatu ndiyo iliyonichekesha. Alisema nakwenda mno."

"Mno?"

"Mno. Nikasema moyoni, ndugu zangu hawa na Kiswahili chao, mtu anakwendaje mno?"

Wasomaji, baraza zima lililipuka. Sahani ziligongana. Vijana walishikana mabega. Halafu, kama maji yanavyokatika bombani, kicheko kilikatika, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameelewa anachekea nini.

Mkuu alikwenda dirishani. "Kuna nini cha kuchekesha?"

Vijana wakatazama sahani zao.

"Nimeuliza. Mama amesema mno. Mnacheka nini?"

Macho yake yalimwangukia aliye mbele. Lwakatare, kiongozi wa wanafunzi, kijana mrefu wa Bukoba mjini, mwenye kwao Miembeni. Akamwita ndani.

Kokwijuka alipomwona anaingia, tumaini dogo alilokuwa nalo lilizimika. Huyu ndiye aliyelibuni jina la Bibi Mkasi. Ndiye aliyemuuliza siku moja mbele ya darasa kama akiolewa atapogolea mume.

"Kijana, wewe ni Mhaya," Mkuu alisema. "Ninkwenda, na hiyo mno. Nitafsirie."

Kabla Lwakatare hajafungua kinywa, Damian alimsemesha kwa Kihaya. Alisema polepole, kwa upole, kama baba anayemkumbusha mwanawe avae sweta. Maneno machache tu.

Lwakatare akarudi nyuma hatua moja.

Mkuu alisimama wima. Mtu akikaa miezi mitatu katika lugha asiyoijua hujifunza kusikiliza sauti, na sauti ile hakuipenda.

"Nitafsirie na hilo," alisema.

"Lipi, Ndugu Mkuu?"

"Alilokwambia sasa hivi. Anza na hilo."

Lwakatare aliangalia sahani aliyokuwa bado ameishika. Akamgeukia Damian. "Waitu Mwalimu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "samahani. Nimeulizwa."

Kisha akamwangalia Mkuu.

"Amesema nifikiri vizuri. Alama zangu za vitendo bado ziko mkononi mwake."

Mkuu akasogea, akasimama kati ya kijana na Damian.

"Na lile la kwanza?"

"Ninkwenda ni nakutaka. Au nakupenda. Na hiyo mno ni muno, yaani sana." Akaiweka sahani mezani. "Anayetafuta mtu wa kupalilia mchicha hasemi hivyo, Ndugu Mkuu. Hivyo anasema mtu kwa mwanamke. Na hasemi mara tatu akiwa amefunga mlango."

Akageuka kwa Kokwijuka.  Akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka nyuma yake, ili aketi. Tangu asubuhi alikuwa amesimama, na hakuna aliyeliona hilo.

Kokwijuka akaketi.

Byarugaba aliandika. Aliandika muda mrefu, na wala hakuitazama kalamu.

Mkuu akaahirisha kikao kwa nusu saa. Wajumbe wakabaki ndani kushauriana, na Damian, niwaambie bila kuficha, alibaki nao, kwa kuwa cheo chake kilikuwa hakijasimamishwa.

Nje, Mwamvita aliwapakulia vijana. Maharage yalikuwa yameungua chini, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika. Benigna, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye ngazi akilinda viatu alivyovivua Kokwijuka mlangoni kana kwamba mtu angeviiba, alimletea sahani. Wakala pamoja, kijiko kimoja.  Kokwijuka alisema anadhani Jumatatu atapewa mkasi. Benigna akasema akipewa, amwazime.

Vijana kadhaa walipita wakamsalimia. Kwa jina lake, si Bibi Mkasi.

Nusu saa ikawa saa nzima. Wakaitwa.

Mkuu alisoma bila kuinua macho. Shitaka la kumsingizia mwalimu limefutwa. Kokwijuka hafukuzwi.

Binti alifumba macho. Mwamvita, mlangoni, alisema alhamdulillahi.

Mwalimu Damian Kagaruki amepewa onyo. Onyo la mdomo.

Kokwijuka akafumbua macho.

Kuhusu alama, chuo hakina mwalimu mwingine wa vitendo, kwa hiyo alama zilizotolewa zitabaki kama zilivyo. Sifuri inabaki sifuri.

Na mwisho, ili jambo kama hili lisitokee tena, kamati imeona ni busara wanafunzi wa kike, Kokwijuka na Benigna, wahamishiwe chuo cha maarifa ya nyumbani, mkoa mwingine, ambako watasoma upishi na ushonaji katika mazingira salama. Ni kwa usalama wao.

Ni kwa usalama wao. Maneno yale aliyasoma mara mbili, kama mtu anayejaribu kuyaamini.

Kokwijuka hakulia safari hii. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya darasani.

"Aliyefunga mlango anabaki?"

Mkuu alilifunga jalada.

"Na tuliofungiwa ndio tunaohama?"

"Tunawalinda, binti yangu."

"Nilindeni nikiwa na mkasi mkononi," alisema Kokwijuka. "Sikuomba kuondolewa. Niliomba nipimwe kama wenzangu. Mleteni bwana shamba yeyote kutoka Bukoba, anipe mbuni wowote anaoutaka yeye. Nikiukosea, sitasubiri barua. Nitaondoka kwa miguu yangu."

Lilikuwa ombi la haki, na kila mtu mle ndani alijua ni la haki. Mwalimu mmoja wa wale wawili, yule aliyepiga miayo, alisema kwa sauti ndogo kwamba mtu wa kupima anaweza kupatikana. Lilikuwa neno lake la kwanza siku nzima, nami namhesabia wema.

Mkuu alivua miwani. Alionekana amechoka, tena kama mtu anayejionea haya. Alisema angetaka kulikubali ombi lile. Kwa haki yake asingekuwa na sababu ya kulikataa. Lakini jambo la kuhama halikutoka kwake. Kamati imetekeleza tu ombi lililoletwa, na Benigna hawezi kubaki msichana peke yake.

"Ombi la nani?"

"La mzazi wako."

Kokwijuka aliona kama amesikia vibaya. Baba yake, Mzee Ildefons, ndiye aliyembebea sanduku kichwani kutoka Rubya hadi chuoni siku ya kwanza, akakataa kumruhusu hata ashike upande mmoja, akisema mwenye kwenda kuwa bwana shamba asichoke kabla ya kazi. Baba yake hajawahi kuandika barua kwa mtu yeyote.

"Baba hawezi kuomba hivyo."

"Byarugaba, mwonyeshe."

Karani alitoa karatasi ndani ya jalada. Angeweza kuisoma tu kwa mbali. Badala yake alizunguka meza, akaiweka mikononi mwa binti, akaonyesha kwa kidole mahali pa tarehe. Ilikuwa Jumapili iliyopita. Siku mbili kabla ya kikao.

"Iliingia lini ofisini?" Kokwijuka aliuliza.

"Jana asubuhi."

"Nani aliileta?"

Byarugaba hakujibu kwa mdomo. Aligeuza kichwa, akamtazama Mwalimu Damian, akaendelea kumtazama mpaka watu wote chumbani walipokuwa wanamtazama. Mwenye watoto saba alifanya hivyo.

Damian alikunja mikono kifuani. "Nilipita Rubya kusali," alisema. "Mzazi alinipa barua nimfikishie Mkuu. Kusaidia wazee imekuwa kosa? Au saini si yake? Aseme kama si yake."

Kokwijuka aliisoma. Kiswahili cha barua kilikuwa kizuri sana. Kwa heshima na taadhima, mzazi alieleza kwamba baada ya kutafakari kwa kina ameona kilimo hakimfai binti yake, na anaomba kwa hiari yake mwenyewe ahamishiwe masomo yanayolingana na maumbile ya mwanamke. Mwandiko ulilala upande mmoja, wa mtu aliyezoea ubao.

Kisha macho yakateremka chini, kwenye saini.

Alitaka iwe ya kughushi. Aliiangalia akiombea iwe ya kughushi.

Ildefons. Herufi kubwa, nzito, kila moja imesimama peke yake kama mgomba uliopandwa leo. Na ile s ya mwisho ilikuwa imegeukia nyuma. Hakuna mtu mwingine Rubya anayeiandika hivyo. Kokwijuka mwenyewe aliiacha igeuke, kwa kuwa mzee alikuwa amefurahi mno siku ile kuona jina lake limekamilika, naye hakuwa na moyo wa kumwambia imekosewa.

"Ni yake?" Mkuu aliuliza.

Kokwijuka hakuweza kusema si yake.

Likizo ya mwaka jana walikaa barazani, baba na binti, mchana baada ya mchana, kwa kipande cha chaki na kibao. Mzee alikuwa amechoka kuchovya kidole kwenye wino mbele ya watu wa ushirika. Alitaka aandike jina kama watu wengine. Binti alimshika mkono, akamfundisha herufi moja moja, mpaka akaweza.

Kuandika jina, alimfundisha. Kusoma, walikuwa hawajafika.